Siwezi kusoma kurasa mbili bila kushika simu: nifanyeje?

Swali

Habari za kazi, mshauri. Nina miaka 34, ni mhasibu, na jioni nasomea shahada ya pili. Zamani kitabu nilikuwa nakimaliza kwa siku mbili. Siku hizi nikisoma kurasa mbili tu mkono umeshafika kwenye simu, na mara nyingine sijui hata niliishika saa ngapi. Nimefuta programu za mitandao ya kijamii mara nyingi, lakini nazirudisha usiku uleule. Usiku ndiyo balaa: najiambia dakika tano, nikija kushtuka ni saa saba. Naamka nimechoka na nimejichukia. Kuacha simu kabisa siwezi, kazi yetu yote iko WhatsApp na bosi anataka kujibiwa papo hapo. Mume wangu anasema huu ni uraibu, na kwamba nikiamua kwa dhati nitaacha. Je, ni uraibu kweli? Na nifanyeje, maana kuamua nimeshaamua sana?

Jibu

Dada yangu, pole. Najua wapo wanaosema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi nakupa, kwa sababu huu hukujichoma peke yako. Nitafika hapo. Kwanza nishike neno lako la mwisho, kwamba umeshaamua sana. Nakuamini. Karibu kila mtu anayenijia na shida hii ameshaamua, wengine kwa kiapo kabisa. Kinachowashinda ni kwamba uamuzi hufanywa asubuhi, akili ikiwa safi, na simu hushikwa saa tano usiku akili ikiwa hoi, na mkono hauombi ruhusa. Kwa hiyo sitakuomba uamue tena. Nitakuomba uhamishe vitu kutoka mahali vilipo, na uujue mkono wako unakimbia nini.

Tumalize kwanza hili la uraibu. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa ambayo madaktari huitumia, na toleo lake la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022. Humo umo uraibu wa kamari, na safari hii umeongezwa uraibu wa michezo ya video. Uraibu wa simu haumo. Hiyo haina maana kwamba hakuna anayeumia. Ina maana kwamba wataalamu hawajaafikiana kuuita ugonjwa unaojitegemea, na mimi sipendi kumpachika mtu jina la ugonjwa kwa jambo linalowapata majirani zake wote. Wanauchumi wa Marekani, Hunt Allcott na wenzake, walichapisha utafiti mwaka 2022 wakakadiria kwamba asilimia 31 ya muda ambao watu hutumia kwenye mitandao ya kijamii hutokana na kushindwa kujizuia. Ni muda ambao wenyewe, wakiulizwa wakiwa wametulia, wasingependa uende huko. Karibu theluthi nzima, na hawa ni watu wa kawaida wenye kazi zao na familia zao. Shemeji amesema kweli kwamba tatizo lipo. Ila dawa aliyokuandikia ndiyo hiyohiyo ambayo umeshainywa mara nyingi na haijakusaidia.

Sasa tuje kwenye mkono.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner, aliyeanza majaribio yake kwa panya karibu miaka mia moja iliyopita na baadaye kwa njiwa, alionyesha jambo ambalo bado linatuhusu. Njiwa anayedonoa kitufe na kupata punje kwa utaratibu unaotabirika hudonoa kwa utulivu, na punje zikikoma naye huacha upesi. Njiwa anayepata punje leo kwa kudonoa mara mbili, kesho kwa kudonoa mara thelathini, hudonoa bila kuchoka, na hata chakula kikikoma huchukua muda mrefu sana kukata tamaa. Simu yako inakulipa kwa utaratibu wa huyu wa pili. Mara nyingi ukiifungua hakuna cha maana. Mara mojamoja kuna ujumbe mzuri, picha ya mtoto wa rafiki, habari ya moto. Kwa kuwa hujui ni lini, unafungua kila mara.

Ongeza juu yake kazi ya wabunifu. Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa programu, alitengeneza ukurasa usio na mwisho, ule ambao ukisogeza chini, mambo mapya yanajileta yenyewe. Kabla ya hapo ulikuwa ukifika mwisho wa ukurasa unabonyeza kwenda mbele, na ule mkato mdogo ulikupa nafasi ya kusema basi, imetosha. Mkato huo umeondolewa. Raskin mwenyewe amekuja kusema hadharani kwamba anajutia. Ndiyo maana nikakupa pole: dakika tano zako za usiku zinashindana na kitu kilichotengenezwa kisiwe na mahali pa kukomea.

Lakini hiyo ni nusu ya habari, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ndogo. Angalia sekunde chache kabla ya kushika simu. Umekaa na kitabu. Ukurasa wa kwanza umeteleza vizuri. Katikati ya ukurasa wa pili kuna aya ya takwimu, na mstari wa tatu huuelewi. Unaurudia. Huuelewi tena. Hapo kifuani kinaingia kitu kidogo, hakijafika kuwa maumivu, ni kero tu, na nyuma yake kuna sauti inayosema huenda wewe si mtu wa shahada ya pili. Hujamaliza kuisikia, kidole kiko kwenye skrini. Dakika nne baadaye kero haipo. Simu imeiondoa, na ubongo umeandika pembeni: kero ikija, tiba yake ni hii. Fanya hivyo jioni mia mbili na mkono utakuwa unajua njia hata wewe usipojua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayokupa haihusu kupunguza chochote. Kwa siku tatu tumia simu kama kawaida, lakini weka karatasi kando ya kitabu na kalamu juu yake. Kila ukiugundua mkono umeshika simu, andika saa, na maneno machache ya kilichotokea kabla. Usijikaripie, andika tu. Mwanafunzi mmoja wa sheria niliyewahi kukaa naye aliniletea karatasi yake, ikawa hivi: saa 3:10, neno nisilolijua. 3:17, nimekumbuka kuna mtu sijamrudishia hela yake. 3:19, sijui. 3:31, hukumu ndefu, sioni mwisho wake. 3:40, nimemaliza sehemu, nikajipongeza. Tuliipitia pamoja mpaka chini. Alikuwa anaamini kwamba simu ndiyo inayomwita. Katika karatasi nzima simu yenyewe ilikuwa imelia mara moja.

Ukishaiona karatasi yako, kila mstari una jibu lake, na mengi ni mepesi kuliko unavyodhani. Neno usilolijua unalizungushia duara na kuendelea, utalitafuta mwisho wa kipindi pamoja na mengine. Jambo ulilokumbuka unaliandika nyuma ya karatasi, kwa kuwa akili haikutaka ulitende saa hiyo, ilikuwa inaogopa usilisahau. Aya ngumu unaisoma kwa sauti, kisha unaandika pembeni kwa maneno yako ni wapi hasa ulipokwama. Mara nyingi ukishaandika swali, kero inapungua kwa sababu imepata sura. Ukimaliza sehemu na unataka kujipongeza, inuka, nyoosha mgongo, kunywa maji, angalia nje. Mapumziko ya kweli ni yale ambayo macho na akili vimeachiwa.

Majibu haya yaandike kabla, katika muundo wa nikifika hapa, nitafanya hivi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, alikusanya mwaka 1999 ushahidi kwamba mtu aliyeifunga nia yake kwenye tukio mahususi huitimiza zaidi kuliko aliyeiacha ikielea. "Nitapunguza simu" inaelea. "Nikikwama kwenye aya, nitaisoma kwa sauti mara moja kisha niandike swali pembeni" ina mahali pa kuanzia, na saa ya kuamua inakuwa imeshapita kitambo.

Kazi ya pili ni umbali, na hapa nakuomba usinibishie mpaka ujaribu. Simu isiwe mezani. Isilazwe kifudifudi kando ya kitabu, isiwe kwenye mkoba ulioning'inia kwenye kiti. Iwe chumba kingine. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin waliwapima karibu watu 800 kwa mitihani ya kumbukumbu na kufikiri. Wengine simu zao zilikuwa mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba cha pili, na zote zilikuwa kimya. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zao zilikuwa chumba cha pili, ingawa washiriki wengi walisema simu haikuwapitia akilini kabisa. Sharti niseme ukweli wote: watafiti wengine waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo sitaki uamini kwamba simu ina nguvu za siri za kunyonya akili ikiwa imelala tu.

Ninaupenda umbali kwa sababu nyingine. Mazoea hufanya kazi bila mwenyewe kujua, na kunyoosha mkono ni tendo la kufumba na kufumbua. Kuinuka, kusogeza kiti, kutembea hadi sebuleni na kuchomoa chaja ni mambo ambayo hayafanyiki bila kujua. Mahali fulani kati ya kiti na mlango utajikuta unajiuliza unakwenda wapi. Siku nyingine utarudi ukae. Siku nyingine utaendelea, na hilo nalo si baya, kwa kuwa angalau umekwenda ukijua. Kama una hofu ya kukosa simu ya dharura, washa kipengele cha kuzuia usumbufu kilichomo ndani ya simu, kisha chagua watu wachache ambao mlio wao utapita: mume, wazazi, anayekaa na watoto kama unao. Mlio wa kupigiwa utausikia hata kutoka chumba kingine. Arifa ndogondogo hutazisikia, na ndiyo nia yenyewe. Utafiti wa mwaka 2015 wa Cary Stothart na wenzake ulionyesha kwamba kusikia tu arifa imeingia, hata kama mtu hakuigusa simu, kunatosha kumharibia kazi inayohitaji umakini.

Unauliza pia, ingawa kwa njia ya kuzunguka, kama umakini wako umekufa. Haujafa. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine amekuwa akipima muda ambao watu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa dakika mbili na nusu. Mwaka 2012 ulikuwa sekunde 75. Miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47. Kila kuhama kuna gharama: Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi kabla hajaimaliza akashika nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka. Ndiyo kusema dakika nne za simu hazikugharimu dakika nne. Ukirudi kwenye aya ya takwimu, nusu yako bado inajibizana na maoni ya watu.

Umakini uliozoea kuhama ni kama mguu uliotoka kwenye plasta. Hauna ugonjwa, umekosa mazoezi, na hakuna anayeanza na kilomita kumi. Kama leo unafika dakika nane kabla mkono haujaondoka, anza na nane, kwa saa ya mkononi au ya ukutani, si ya simu. Pumzika kidogo, kisha nane nyingine. Zikianza kuwa rahisi, nenda kumi na mbili. Sura unayoisoma, kama unaweza kuichapisha kwenye karatasi, ichapishe. Na ujiandae kwa jambo moja ambalo watu wengi huliona ni dalili kwamba wameshindwa: siku za mwanzo utajisikia vibaya. Utawashwa, utaona kiu, utakumbuka vitu vya ajabu, utashawishika kwamba kuna jambo la haraka. Hamu ya kushika simu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe hata usipoitii. Ukiivumilia mara kadhaa mpaka ikashuka, mwili unajua kwamba kero haiui, na huo ndio ujuzi ninaoutaka uupate kuliko dakika zozote utakazookoa.

Kuhusu kazi na WhatsApp, sikubaliani na wanaosema zima kila kitu. Mwaka 2019 Nicholas Fitz na wenzake walichapisha jaribio la zaidi ya watu 200. Waliopelekewa arifa zao kwa mafungu matatu kwa siku waliripoti umakini zaidi, kazi zaidi na hali nzuri zaidi ya moyo. Waliokatiwa arifa zote hawakupata faida hizo, bali walipata wasiwasi zaidi, wakihofia wanapitwa. Kwa mtu mwenye bosi kama wako ni jambo la kueleweka kabisa. Basi chukua hayo mafungu matatu, na uyatangaze, kwa sababu bosi asipojua utaratibu wako atadhani umempuuza. Mwandikie kitu cha namna hii: "Habari za asubuhi, mkuu. Ili nifunge hesabu bila makosa, nitakuwa napitia ujumbe wa grupu saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 alasiri. Jambo likiwa la haraka naomba unipigie, nitapokea mara moja." Sababu umeiweka upande wa faida yake, na mlango wa dharura umeuacha wazi. Wengi hushangaa mabosi wanavyokubali, maana aliye na dharura ya kweli hupiga, na yasiyo dharura yalikuwa yanaweza kungoja tangu zamani.

Kama akikataa, bado una njia. Fungua WhatsApp kwenye kompyuta ya kazini na simu iache kwenye droo. Ujumbe wa kazi utauona na kuujibu, lakini kidole hakitakuwa hatua moja kutoka kwenye video. Magrupu yasiyo ya kazi yanyamazishe yote, hata ya ndugu. Hakuna atakayejua, na ukiyafungua jioni utayakuta yote.

Usiku ni habari nyingine, na barua yako ilinifanya nifikiri zaidi juu ya hapo kuliko popote. Umesikia bila shaka juu ya mwanga wa skrini na usingizi. Kuna ukweli. Watafiti wa Harvard walichapisha mwaka 2015 jaribio ambalo watu 12 walisoma kwa saa kadhaa kabla ya kulala, siku tano kwa kitabu cha karatasi na siku tano kwa kifaa chenye mwanga. Kwa kifaa, homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala ilipungua, na walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10. Dakika 10, dada yangu. Wewe unapoteza saa mbili au tatu. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba kugeuza skrini kuwa ya rangi ya manjano kutatibu jambo hili. Kinachokunyima usingizi zaidi ni kwamba hulali.

Na kwa nini hulali? Fikiri siku yako. Mchana ni wa bosi. Jioni ni ya masomo na nyumba. Saa tano usiku, kila mtu ametulia, ndiyo mara ya kwanza tangu alfajiri hakuna anayekudai kitu. Unaposhika simu kitandani unajaribu kuchukua kipande cha siku kiwe chako. Hitaji hilo ni la haki, na ukilinyima tu litarudi na kuchukua kwa nguvu, kama linavyofanya sasa. Kwa hiyo lipe nafasi mapema zaidi. Nusu saa, kabla hujachoka kupita kiasi, ambayo si ya kusoma wala ya kupika wala ya kusikiliza mtu. Hata ukitaka kuperuzi humo, peruzi, ukiwa umekaa kwenye kiti sebuleni, taa zikiwaka. Kitandani simu isifike. Nunua saa ndogo ya kengele ili ule udhuru wa kuamshwa na simu uondoke. Simu ilale kwenye chaja nje ya chumba, na iende huko kabla wewe hujaenda kupiga mswaki, maana ukiibeba mpaka kitandani kwa nia ya kuirudisha baadaye, haitarudi.

Kama nguvu zako zinatosha jambo moja tu wiki hii, anza na hili la chumba cha kulala, mengine yangoje. Mtu aliyekwenda kulala saa saba usiku hana umakini wa kuokoa kesho yake, hata simu ikiwa chumba kingine.

Kuhusu kufuta programu na kuzirudisha: unazirudisha kwa sababu unafuta kila kitu kwa mkupuo, kwa hasira, usiku, na hakuna kilichokaa mahali pake. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2025, la Noah Castelo na wenzake, liliwazuilia watu intaneti kwenye simu kwa wiki mbili. Kupiga na kutuma ujumbe wa kawaida viliruhusiwa, na kwenye kompyuta waliweza kufanya lolote. Washiriki walikuwa 467. Muda wao wa simu ulishuka kutoka zaidi ya saa tano kwa siku hadi chini ya tatu, na umakini, afya ya akili na kuridhika na maisha vyote vilipanda, na asilimia 91 walipata nafuu katika angalau kimojawapo. Kilichonivutia zaidi ni maelezo ya nafuu hiyo: walikuwa na watu ana kwa ana zaidi, walifanya mazoezi zaidi, walitoka nje zaidi, walilala zaidi. Na hata hapo, waliofuata masharti ipasavyo ni karibu robo tu ya washiriki. Ukiteleza, basi, upo na wengi.

Kutokana na hilo nakushauri hivi. Mitandao ya kijamii itoe kwenye simu, lakini usiifunge akaunti. Iwe ya kompyuta, kwa muda uliouchagua. Kwenye kompyuta mtu huingia, huona, hutoka. Haibebwi kitandani wala chooni. Kama hilo ni kubwa mno, weka kikomo badala ya kufuta. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 2018, wanafunzi waliowekewa kikomo cha dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, kwa mitandao mitatu, walionyesha baada ya wiki tatu kupungua kwa upweke na dalili za huzuni kuliko wenzao ambao hawakuwekewa. Unaweza pia kuitoa skrini rangi, iwe ya kijivu tupu. Ni hatua ndogo, lakini utafiti wa mwaka 2020 uliona wanafunzi waliofanya hivyo wakipunguza karibu dakika 38 kwa siku, na haikugharimu chochote.

Lililobaki ni la moyo. Umesema unaamka umejichukia. Sitaki uibebeshe simu lawama za kila kitu, kwa sababu ushahidi haufiki huko. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza asilimia 0.4, kwa kiwango cha juu kabisa, ya tofauti za ustawi wao. Kwa wastani athari ni ndogo. Wako watu ambao kwao ni kubwa kuliko wastani, na wewe huenda ni mmoja wao, hasa kwa usingizi unaokupotea. Tarajia kulala vizuri zaidi, kusoma kwa muda mrefu zaidi, na hasira dhidi yako kupungua. Usitarajie kwamba huzuni iliyokuwepo kabla ya simu itaondoka nayo.

Na kama ukiweka simu mbali kwa wiki mbili ukakuta bado umelemewa karibu kila siku, hupati usingizi hata bila simu, vitu ulivyovipenda havina ladha, usingoje tena, nenda kamwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Likikujia wazo la kutotaka kuishi, nenda siku hiyohiyo. Vilevile kama tabu ya kutulia na kusahausahau umekuwa nayo tangu utotoni, kabla hujamiliki simu yoyote, mweleze daktari hivyohivyo, maana kuna hali ya upungufu wa umakini ambayo watu wengi hugundulika nayo wakiwa watu wazima, na ina tiba yake.

Kuhusu shemeji: msomee barua hii kama mna utulivu wa kufanya hivyo. Usimwombe akusimamie wala akunyang'anye simu, hilo huishia kwenye ugomvi na wewe kujificha. Mwombe mambo mawili tu. Akulindie ile nusu saa yako ya jioni, asikuite humo. Na simu yake nayo ilale sebuleni, kwenye chaja ileile, kando ya yako.